Koili mliyoniuzia ndiyo iliyokuwa ikizima gari langu

Dar es Salaam
1 Julai 2024

Kwa Meneja,
Gereji na Duka la Spea

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KOILI ISIYOFAA, PAMPU YA PETROLI NA MATENGENEZO YA PEUGEOT 404 YA MWAKA 1967

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 4 Mei mwaka huu nililileta gari langu kwenu likitembea lenyewe. Platini, vile vipande vinavyokata na kuunganisha umeme wa koili, zilikuwa zimekwisha na asubuhi lilikuwa linasumbua kuwaka. Nilichoomba ni platini mpya, kondensa ya kuzilinda zisiungue, na kupimwa taimingi, yaani wakati wa cheche, basi. Fundi wenu akaniambia koili, kifaa kinachokuza umeme ili plagi zitoe cheche, nayo imechoka, akafunga mpya kutoka dukani kwenu kwa shilingi 65,000. Ile ya zamani hakuipima. Nilikuwa nimesimama pale pale: aliiona ina vumbi na kutu, akaifungua. Koili hiyo ilikuwa garini tangu enzi za marehemu baba na haikuwahi kuniacha njiani. Tangu siku hiyo gari limenizimia mara tatu, nimerudi kwenu mara mbili na kulipa upya, na kila niliporudi mlitafuta ugonjwa kwenye mafuta ilhali ulikuwa kwenye umeme, ndani ya kifaa mlichoniuzia wenyewe.

Mara ya kwanza ilikuwa 18 Mei, Kibaha. Lilitembea vizuri kama nusu saa, likaanza kumisi, likaisha nguvu, likazima. Nilikaa dakika arobaini, nikapiga stata, likawaka kama halijawahi kuumwa. Jumatatu yake nikawa kwenu, nikamweleza fundi kwa utaratibu: likiwa la baridi linakwenda, likipata moto linazima, likipoa linawaka. Jibu likawa kabureta ni chafu. Ikafunguliwa, ikasafishwa, nikalipa 50,000, na juu yake 30,000 za platini nyingine, kwa sababu zile za wiki mbili tu zilikuwa zimeungua hadi kubadilika rangi.

Hapo ndipo ninapowalaumu kuliko pengine popote. Platini nzuri, zikiwekwa nafasi ya milimita 0.4, hudumu miezi mingi. Zikiungua ndani ya wiki mbili zinamwambia fundi kwamba umeme unaopita ni mwingi kupita kiasi, au kondensa ni mbovu. Ilikuwa kazi ya dakika tano kuchukua mita na kuhakikisha. Fundi wenu alizitupa kwenye ndoo, akafunga mpya, akaniruhusu kuondoka.

Mara ya pili ndiyo iliyoniumiza. Tarehe 8 Juni nilikuwa nampeleka mama Morogoro kwenye arobaini ya mdogo wake. Mama yangu ana miaka 81. Tulipopita Mlandizi gari likazima. Likapoa, likawaka, likaenda kilomita chache, likazima tena. Mama alikaa chini ya mti kando ya barabara kuu zaidi ya saa mbili, malori yakimpulizia vumbi, akinisihi nisijali. Arobaini hatukuiwahi. Tulirudi Dar es Salaam gari likivutwa kwa kamba.

Nilipolifikisha kwenu, aliyenipokea ofisini alisema maneno ambayo siwezi kuyaacha yapite. Alisema petroli ya siku hizi haina madini ya risasi, kwa hiyo magari ya kizamani hayaiwezi. Akaongeza kwamba petroli inageuka mvuke kwenye paipu kwa joto, kwamba magari haya hayakutengenezwa kwa nchi kama yetu, na dawa yake ni pampu ya umeme.

Kuhusu risasi: nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa kwenye petroli, na kufikia mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imeondoka. Gari langu limekunywa petroli isiyo na risasi kwa miaka mingi. Tena risasi iliwekwa ili injini isigonge na siti za valvu zisilike haraka. Haina uhusiano wowote na gari linalozima likipata moto na kuwaka likipoa.

Kuhusu mvuke, silikatai jambo lenyewe. Magari ya kabureta huweza kupatwa nalo. Lakini Juni ni msimu wetu wa baridi, na gari hili lilipita Januari na Februari yote kwenye foleni ya Kimara na Mbezi bila kuzima hata mara moja. Kama ni joto, lingezima wakati ule.

Na kuhusu nchi yetu, naomba mwelewe kwa nini neno lile lilinichoma. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7 tu, na la kwanza lilikuwa 404. Mwaka 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania. Baba alinunua 404 kwa sababu aliyaona magari yale yakipita na matope hadi kwenye vioo, na alilitunza hadi alipofariki. Gari hili limejua barabara zetu kabla hazijawekwa lami.

Tarehe 11 Juni mkafunga pampu ya umeme kwa 140,000, na ufundi 120,000 kwa safari zote mbili nilizorudi. Sikuambiwa pampu hiyo inasukuma kwa nguvu kiasi gani. Tarehe 22 Juni, nikiwa Bunju, nilisikia harufu kali ya petroli. Nilifungua boneti nikakuta petroli inafurika kutoka kwenye kabureta na kutiririka juu ya injini ya moto. Nilizima swichi na kuwashusha watoto wawili wa dada yangu waliokuwa kiti cha nyuma, nikawapeleka mbali na gari. Meneja, naomba usome sentensi hiyo mara mbili kabla ya kuendelea.

Fundi mstaafu wa mtaani kwetu, mzee aliyeyatengeneza magari haya tangu ujana wake, alikuja kulitazama nyumbani. Bahati nzuri pampu ya asili mliiacha pale pale kwenye injini, paipu tu ndizo zilizohamishwa. Kwanza alipima msukumo wa ile ya kwenu kwa geji: psi 8. Pampu ya asili, ya diaframu, ya gari kama hili hutoa psi 3 au 4, na nidili ya kabureta, sindano inayofunga njia ya petroli, imetengenezwa kuzuia kiasi hicho. Ikisukumwa mara mbili yake haiwezi kufunga, ndiyo maana petroli ilimwagika. Tena pampu yenu haikuwa na fyuzi, na ingeendelea kusukuma petroli hata injini ikiwa imezima, mradi swichi imewashwa. Ile ya asili husimama injini inaposimama. Mzee akarudisha paipu mahali pake, na pampu mliyoiita mbovu ikavuta petroli bila shida.

Kisha akafanya kile nilichokuwa nakisubiri kwenu tangu Mei. Tulikausha kila kitu, tukaliwasha, tukaliacha lingurume uani hadi lizime lenyewe. Lilichukua kama dakika thelathini. Lilipozima tu, hakusubiri lipoe. Aliondoa kifuniko cha chujio la hewa, akatazama ndani ya koo la kabureta na kuvuta waya wa pedeli ya mafuta: petroli ikaruka kwa nguvu. Mafuta yapo. Alipohakikisha hakuna petroli iliyomwagika popote, akachomoa waya mnene unaotoka kwenye koili kwenda distribyuta, inayogawa umeme kwa plagi, akausogeza karibu na chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Cheche ilikuwa nyembamba, ya njano, kisha haikuonekana kabisa. Akanionyesha koili. Sikuweza kuweka kiganja juu yake.

Alifunga koili nyingine aliyokuja nayo, na gari likawaka papo hapo, injini ikiwa bado ya moto. Lilinguruma saa nzima na nusu.

Ilipopoa tulizipima zote mbili. Ya kwake ilionyesha ukinzani wa umeme wa omu 3. Ya kwenu, omu 1.5. Koili ya omu 1.5 ni ya magari yenye rezista ya kupunguza umeme kabla haujafika kwenye koili. Gari langu halina rezista hiyo. Waya unatoka swichi hadi koili na volti 12 zake kamili. Kwa hiyo badala ya ampea 4 zilikuwa zinapita 8, platini zikiungua na koili ikijipika yenyewe hadi ikashindwa kutoa cheche. Tena imeandikwa kwenye ubavu wa koili yenyewe, kwa herufi ndogo, kwamba itumike pamoja na rezista ya nje. Aliyeiuza hakusoma, na aliyeifunga hakusoma.

Sina ugomvi na kijana aliyelishughulikia gari. Alikuwa na adabu na alifanya kazi kwa bidii. Lakini siku ya kwanza aliniuliza plagi ziko wapi, kwa sababu kwenye 404 zimezama ndani kabisa na hufikiwa kwa virefusho. Mngemweka chini ya fundi anayelijua gari hili, au mngeniambia wazi kwamba hamlijui. Ningewashukuru na kwenda kwingine.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Mnirudishie shilingi 405,000: koili 65,000, platini za mara ya pili 30,000, kusafisha kabureta 50,000, pampu 140,000 na ufundi 120,000. Shilingi 40,000 za platini na kondensa za kwanza sizidai, kwa kuwa zangu zilikuwa zimekwisha kweli. Pampu yenu na koili yenu ninazo, na nitazirudisha nikilipwa.

Mnirudishie koili yangu ya asili. Mlibaki nayo bila kuniuliza. Ni ya baba, na naitaka hata kama ni chakavu.

Muwapigie simu wateja wengine mliowauzia koili za aina hii kwa magari yasiyo na rezista, muwaambie kabla hawajakwama barabarani kama mama yangu. Na pampu za psi 8 msizifunge kwenye gari la kabureta bila kifaa cha kupunguza msukumo na fyuzi.

Nasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata nitapeleka barua hii, risiti zote na picha za vipimo kwa Tume ya Ushindani, inayoshughulikia haki za walaji. Jumamosi tarehe 6 Julai, saa nne asubuhi, nitapita hapo kuchukua koili yangu. Tafadhali iwe imetafutwa.

Wenu mteja,
Mwenye Peugeot 404 ya bluu

Viambatisho: nakala za risiti nne, picha ya maandishi ya kwenye koili, picha za mita zikionyesha omu 1.5 na omu 3, picha ya geji ikionyesha psi 8.