Nimevaa raba zako, nimepanda Pugu

Mwanangu,

Hujambo? Huku nyumbani hatujambo, baba yako mafua yamemwachia. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu tunaishia kugombana, na jambo hili sitaki tuligombanie.

Uliponiambia unataka kupanda Uluguru peke yako nilikukatalia hata hujamaliza kusema, kama nilivyokukatalia zile Jumamosi zako za Pugu. Usiku ule usingizi haukuja. Nakataa kitu gani, mimi niliyezaliwa Dar na sijawahi kukanyaga vilima vilivyo mlangoni kwangu? Basi Jumamosi iliyopita nilivaa raba zako, nikaaga, nikaenda. Peke yangu, kama wewe.

Daladala ya alfajiri hadi Gongo la Mboto, kisha ya Kisarawe. Njiani mzee mmoja alinionyesha upande iliko sekondari ya Pugu, alikofundisha Mwalimu Nyerere mpaka mwaka 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya TANU. Nikawaza, huenda uamuzi kama ule mtu huupima akitembea peke yake.

Getini kijana wa misitu aliniamkia, akauliza, "Mama, uko na nani?" Nikamwambia sina mtu. Akaandika jina langu, namba ya simu na saa nitakayorudi. Daftari lile lilinituliza kuliko maneno yako yote ya miaka mitatu.

Nilitegemea vichaka, nikakuta msitu. Miti imefungana juu, jua linapenya vipande vipande, hondohondo wanapiga kelele usiwaone. Haya ndiyo mabaki ya msitu wa pwani uliokuwa umetanda kabla mji haujaufikia, na mkaa wa majiko yetu umeula sehemu kubwa. Nilipita penye tanuri la zamani: udongo mweusi, visiki, na pembeni miche imeanza kuchipua. Nikayakumbuka magunia niliyonunua miaka yote bila kuuliza yametoka wapi. Nikaishiwa nguvu, nikasimama pale.

Siafu wakanipanda. Nilishtuka wameshafika magotini, wengine wako mgongoni ndani ya gauni. Nikakimbia hadi penye mchanga, nikavua, nikaanza kuwabandua mmoja mmoja. Wengine kichwa kinabaki kimeng'ata. Wa mgongoni sikuwafikia. Nikaita "jamani!" na sauti ikaishia kwenye majani. Nikachukua khanga, nikaishika ncha mbili, nikajisugua nayo mgongo mzima mpaka wakatoka. Kisha nikakaa chini, moyo ukatulia, na kukawa kimya ambacho sijawahi kukisikia tangu nikuzae. Hapo ndipo nilipokuelewa, mwanangu. Hofu yangu ilikuwa ya kweli, na hicho unachokifuata huko nacho ni cha kweli.

Kwenye mapango ya kaolini niliishia mlangoni; udongo ni mweupe kama sembe na harufu ya popo ni kali. Juu kileleni nilikula viazi vyangu nikiuangalia mji kwa mbali, nikitafuta upande ilipo nyumba yetu.

Sasa sikiliza. Uluguru si Pugu. Kule ni kurefu, mvua na ukungu vinakuja ghafla. Nenda. Ila jiandikishe kwa watu wa hifadhi, chukua mwenyeji kwa safari ya kwanza, uwe na khanga na maji ya kutosha, na ikifika saa nane uwe umeshaanza kushuka. Nitumie ujumbe ukianza na ukifika chini. Usiponipata mimi, mpate baba yako.

Raba zako zipo kibarazani. Ule udongo mweupe umekaukia kwenye soli na sijazifua. Nataka uukute ukija likizo.

Mama yako