Mhariri, hizi mbao za lofti zinatuozeshea mizigo

Mhariri, salamu sana na pole kwa kazi. Mimi ni msomaji wenu niliopo Leicester huku Uingereza, gazeti nalisoma kwenye simu asubuhi nikisubiri basi, na leo naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na ndugu zangu wa huku maana najua tuko wengi tunaosoma humu humu. Ni habari ya lofti, yaani ule uwazi wa chini ya paa tunaopandishia mizigo ya kusubiri kontena la kwenda nyumbani.

Tunavyoishi tunajuana. Unanunua kidogo kidogo, leo blanketi, kesho vyombo, mwezi ujao cherehani, unapandisha juu mpaka pipa lijae ndo uwapigie watu wa mizigo. Nyumba zenyewe ndogo, stoo hakuna, kwa hiyo mtu anaita fundi ampigie mbao kule juu apate sakafu. Na mimi niliita. Alikuja asubuhi akakuta ile sufi ya njano ya kuzuia baridi imelala nene, akaikanyaga kanyaga, akalaza chipubodi, zile mbao za vumbi la mbao lililogandishwa, moja kwa moja juu ya boriti na kupiga skrubu, saa kumi jioni kamaliza, pesa yake nikampa na asante juu.

Januari nikapanda kutafuta sanduku la kanga za harusi ya mdogo wangu. Wallahi sitasahau. Misumari ya paa ile iliyotokeza ndani, kila ncha ina tone la maji linaning'inia, ukimulika tochi zinameta safu kwa safu, na chini yake sanduku limelowa chapachapa, kanga zimeota ukungu mweusi kwenye mikunjo. Doti sita nikatupa, nyingine nimefua mara tatu harufu haitoki. Nikajua paa linavuja, nikaita watu wakaliangalia lote, halina hata tundu moja.

Mwishowe nikapata mtu anayeijua hiyo kazi, akafungua mbao mbili tu akanionyesha. Boriti za nyumba nyingi za huku kimo chake ni kama milimita 100 hivi, wakati sufi inayoshauriwa sasa ni milimita 270, yaani unalaza tabaka la 100 katikati ya boriti halafu la 170 unalikingamisha juu yake. Sasa ukigonga mbao kwenye boriti, hiyo 270 yote umeilazimisha ikae kwenye 100! Na kinachozuia baridi sio ule unyuzi, ni hewa iliyotulia ndani yake, ukiibana umeitoa hewa, inakuwa kama godoro la sufi lililokwisha lala, unalilalia unasikia chaga. Nyumba isiyo na sufi juu inapoteza kama robo ya joto lake kupitia paani, na mimi nilikuwa narudi huko huko kwa pesa yangu mwenyewe, bili ya gesi ile baridi ilipanda nikawa nawalaumu watoto kuacha hita imewaka.

Maji nayo yanatoka kwetu sisi. Mvuke wa jikoni, wa bafuni, wa nguo tunazoanika juu ya hita kwa sababu nje hakuna jua, wote unapanda unapenya pembeni ya kile kimlango cha lofti, ukifika juu unakutana na paa la baridi unageuka maji. Upepo ungeutoa, unaingilia chini kabisa kwenye ukingo wa paa, lakini fundi wangu alisukuma sufi mpaka kule mwisho akaziba, na bomba la feni ya bafuni nalo kumbe lilikuwa limeishia humo humo lofti halijatolewa nje.

Kwa hiyo jamani, mbao zinyanyuliwe. Kuna vimiguu vya plastiki vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, vinafungwa kwenye boriti, mbao zinakaa juu yake, sufi inabaki imetuna na katikati unabaki upenyo wa hewa. Kwenye ukingo wa paa uache nafasi kama ya milimita 50. Kimlango ukivishe sufi kwa juu na ukanda wa kuzuia upepo pembeni. Nyaya za umeme usizifukie chini ya sufi, hasa ule wa shawa, zinapata moto, na kama kuna tangi la maji juu usiweke sufi chini yake, liachie joto la nyumba lisigande.

Na uzito, hili ndo linanitisha zaidi. Sisi tuliokulia kwenye nyumba za mawe kule Unguja, dari ni boriti za mikoko zimejazwa mawe na chokaa, watu wanaishi juu yake, kwa hiyo kichwani mwetu darini ni sakafu. Huku katikati ya boriti kuna jipsamu tu nyembamba, ukikosea mguu umetokea chumbani kwa watoto. Nyumba za miaka ya karibuni zenye zile mbao za paa zilizokaa kama W, kiwango cha mzigo wa kuhifadhi ni kilo 25 kwa mita moja ya mraba. Pipa moja la nguo na vyombo linapita hapo mara mbili au tatu, na watu wanapanga manne pembeni ya kimlango kwa sababu ndo karibu na ngazi! Mapipa yakae chini, juu weka vyepesi na uvitawanye. Na fundi akikwambia akate mbao moja ya ile W upate nafasi, mtoe nje, hiyo ndo imeshika paa.

Kama umepanga, mwambie mwenye nyumba kabla hujagusa kitu.

Mhariri, nakuomba barua hii itoke kabla ya Oktoba, kontena za kuwahi sikukuu za Desemba zinakusanywa miezi hii na watu wameshaanza kupandisha vitu juu.

Msomaji wenu,
Leicester, Uingereza