Mama wa Dume Anatoa Lita Ngapi? Swali Zuri, Jibu Halitoshi

Sisi ni wahimilishaji: tunapandisha ng'ombe kwa mbegu za madume zinazohifadhiwa kwenye mtungi. Wafugaji wa Usagara, Kisesa na Buswelu, hapa Mwanza, wanatuuliza hivi kabla hata mtungi wa mbegu haujafunguliwa. Tunajibu, lakini nasi tunauliza: mama huyo alikuwa akila nini? Amezaa mara ngapi? Kwenye wingi wa maziwa, tofauti inayorithiwa kati ya ng'ombe wanaotunzwa sawa ni kama theluthi moja tu. Iliyobaki ni mashudu, maji, magonjwa na mkono wa mkamuaji.

Dume hakamuliwi, basi hupimwa kwa mabinti zake. Wataalamu hulinganisha maziwa yao na ya wenzao wa banda hilohilo waliozaa kipindi kimoja, wakaongeza taarifa za ndugu na, siku hizi, vinasaba. Yanayopatikana ni makadirio, na huandikwa pamoja na asilimia ya uhakika. Dume kijana aliyepimwa vinasaba pekee hajafikia uhakika wa yule mwenye mabinti mamia, ndiyo maana hatukushauri upandishe banda zima kwa kijana mmoja.

Wengi wanaumizwa na katalogi za madume. Za Marekani huandika maziwa kwa ratili, si kilo, na namba hiyo tayari ni nusu ya thamani yake ya kinasaba, ile nusu ambayo dume humrithisha ndama. Ukiona +1,000, hizo ni kama kilo 454 kwa msimu wa kukamua wa siku 305: lita moja na nusu hivi kwa siku. Nyingine huandika thamani nzima, kugawa kwa mbili ni kazi yako. Tena hiyo ni ziada juu ya wastani wa ng'ombe wa huko, wanaoshiba mwaka mzima. Binti akilishwa mabua ya Agosti pale Misungwi, hata hiyo lita na nusu usiihesabu. Kwa banda la namna hiyo sisi tunapendekeza Jersey au Ayrshire, ng'ombe wa maziwa wenye umbo dogo kuliko Friesian, hata kama jirani anajivunia Friesian wake mkubwa (anayekula kama wawili).

Ukija, njoo na daftari: namba ya hereni ya sikio ya ng'ombe wako, tarehe aliyozaa mara ya mwisho, na baba yake. Hilo la baba tunalikazania. Mbegu za dume mmoja zikitumika kijiji kizima, baada ya miaka miwili unaweza kumpandishia mtamba (jike ambaye hajazaa) mbegu ya baba yake mzazi bila kujua.

Ukimwona ng'ombe wako asubuhi anapandwa na wenzake naye ametulia, yuko kwenye joto, tayari kupandishwa: tupigie hapohapo. Tutakuja jioni.