Msikate pembe ya ramani

Mhariri, salaam aleikum. Mimi fundi fremu hapa Ngamiani, Tanga, kazi yangu picha za harusi, vyeti na aya za kutundika ukutani. Juzi kati kaja bwana mdogo mmoja na karatasi kaiprinti, ramani ya kale, anataka akaipambe kwenye gesti yao. Fremu aliyoichagua haitoshi, akanambia "Mzee kata tu hapo pembeni kwenye maandishi, si Kijerumani hicho, nani atasoma."

Nikaweka kisu chini. Ile ni ramani ya Erhardt na Rebmann, wamisionari wa Kijerumani, ilichapwa kwao 1856, na katikati ina ziwa moja refu limelala kama koa, toka ikweta mpaka huko kwenye Nyasa, wameliita Bahari ya Uniamesi, yani Unyamwezi. Ziwa hilo halipo, sote tunajua, ndo maana watu wakiiona wanacheka wanasema wazungu walikuwa wanabuni tu. Lakini hayo maandishi ya pembeni anayotaka nikate yanasema imechorwa kwa maelezo ya wenyeji wengi na wasafiri Waislamu. Sasa hao ni kina nani kama sio wazee wetu? Erhardt mwaka 1854 alikaa miezi hapahapa Tanga akiwauliza watu wa misafara njia zao, siku ngapi mpaka wapi, mbele kuna nini, na ziwa lenyewe yeye hakuliona kwa macho.

Aliyetoka Kilwa akisema njia inaishia kwenye maji makubwa, kweli, ni Nyasa. Wa Bagamoyo anasema Ujiji kuna maji huoni ng'ambo, kweli, ni Tanganyika, na wa njia za kaskazini naye ana Nyanza yake, yani Ziwa Victoria. Kila mmoja kasema kweli, aliyeyaunganisha maji yote yakawa ziwa moja ni mchoraji! Na koa huyohuyo ndo aliyewatoa kina Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, kwao, Juni 1857 wakaanza safari kutoka Kaole, hapo jirani na Bagamoyo, mwaka uliofuata Speke akaiona Nyanza ni ziwa peke yake. Kwa hiyo mi nasema kosa nalo ni ushahidi, linakuonyesha habari ilipita mdomo wa nani na ikapotokea wapi.

Na sio Tanga tu. Ukiangalia ramani za zamani za huko juu, Uhabeshi (Ethiopia ya leo) na Nile, mchezo ni uleule. Ptolemy, mtaalamu wa ramani wa kale kule Misri, zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, kaweka maziwa mawili yanayolisha Nile na Milima ya Mwezi kusini kwake, na habari za maziwa anazitaja kwa mfanyabiashara aliyesukumwa na upepo mpaka karibu na Rhapta, mji wa biashara wa kale, pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Ortelius, mchora ramani wa Ulaya, naye 1573 kauvuta Uhabeshi wa "Prester John", yule mfalme Mkristo wa hadithi, kusini mpaka basi, yani ukiipima na ya leo unashangaa. Halafu Ludolf, msomi wa Kijerumani, 1683 akaturudishia Uhabeshi wa saizi yake, na huyu alikuwa na mwalimu, Abba Gorgoryos, msomi Mhabeshi waliyekutana Roma 1649, na Ludolf hakumficha, kamtaja jina. Wetu wa Tanga hawakupata bahati hiyo, wamebaki "wenyeji wengi".

Kuna mchora ramani Mfaransa, d'Anville, yeye 1749 akafuta kila asichokuwa na hakika nacho, bara akaliacha jeupe. Wanamsifu sana na mi namsifu nusu, maana weupe ule ulikuwa ni wa kutojua kwake, ila waliokuja nyuma wakausoma kama nchi haina wenyewe.

Ombi langu kwenu gazeti na wanaotengeneza kalenda na vitabu vya shule, mkichapa ramani ya kale msiikate pembe. Pale ndo kuna mwaka, nani kachora, kwa habari za nani. Ikikatwa inabaki pambo la ukuta na mwalimu hana cha kuuliza watoto.

Bwana mdogo nilimsomea yale maneno kwa tafsiri aliyonipa mteja wangu mmoja aliyesoma Ujerumani. Akanyamaza, akauliza "Tanga hii hii?" Nikamfungia kwenye fremu kubwa yenye mbao ya mvule, pembe yote ipo. Bei ilipanda kidogo, akalipa nusu, nyingine kasema mwisho wa mwezi.

Fundi fremu,
Ngamiani, Tanga