Mwanangu, huo mnara wa Bagamoyo una watu wengine

Mwanangu mpendwa, picha zenu za Bagamoyo nimeziona zote na mmependeza kweli, ila ile ya mnarani umeandika tu "Mnara wa Livingstone" basi, nikaona nisinyamaze.

Wale mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar 1868 wakaanza kukomboa watumwa, yaani wanawanunua, watoto hasa, halafu wanakaa palepale misheni wanasoma, wanalima, wanajifunza ufundi. 1872 kikapiga kimbunga kibaya sana pwani yote ile, majengo yakaanguka, wakaanza upya. Kanisa la kwanza ni la miaka hiyo na waliolijenga ni haohao waliotolewa utumwani, fikiria mtu jana ana minyororo leo anapandisha ukuta wa kanisa. Kilichobaki ndo huo mnara. Lile kubwa mliloingia ni la pili, la 1910 mpaka 1914.

Sasa huyo Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, alifika hapo akiwa maiti. Alifia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873, na watumishi wake, kina Susi na Chuma na wenzao, wakakataa kumwacha porini. Moyo wakauzika chini ya mti, mwili wakautia chumvi wakauanika juani, wakauzungushia kitambaa na gome la mti ufanane na mzigo wa kawaida tu maana nani angekubali maiti ipite kijijini kwake, wakatembea nao miezi kama tisa hivi, wengine wakafia njiani! Februari 24, 1874 wakafika Bagamoyo, mwili ukalazwa pale kanisani, halafu ukavushwa kwa meli Zanzibar. Aprili ukazikwa London, Westminster Abbey, na katika waliombeba safari nzima aliyekuwepo mazishini ni Jacob Wainwright peke yake. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yameshapita. Hiyo inaniuma mpaka leo mwanangu, wamembeba mtu wao njia yote ile halafu hata udongo hawakutupia.

Kwahiyo ukipata bando ongeza majina yao hapo kwenye picha.

Halafu ule mbuyu wa misheni uliomeza mnyororo mliuona? Maana mnyororo wenyewe umebaki kipande tu kinachungulia kwenye gome na kwenye picha zako sijauona. Baba yako anakusalimu, anauliza kama ile pesa ya matumizi imefika.

Mama