Harambee ya Chumba cha Magazeti ya Kale, Magila

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu zetu Waislamu wa Bonde, assalaam alaykum. Wito huu wa kuchangia chumba cha magazeti ya kale ni wenu pia, na sababu mtaiona hapa chini.

Sisi wa Magila, wilayani Muheza, hatuchoki kujisifia kanisa letu la mawe. Tunachosahau ni kwamba hapahapa Msalabani, chini ya milima ya Usambara, palikuwa na mtambo wa kupiga chapa. UMCA, misheni ya Kianglikana, ilianza kutoa gazeti la Msimulizi kule Kiungani, Unguja, mwaka 1888. Miaka ya 1890 Magila nayo ikawa na gazeti lake la Kiswahili, Habari za Mwezi. Kijijini, jamani! Gazeti la Walutheri, Pwani na Bara, lilikuja baadaye, 1910. Na kazi ya chapa wakati ule haikuwa ya mchezo: herufi za risasi zilipangwa kwa mkono, moja baada ya nyingine, kinyumenyume, ndipo zipakwe wino.

Hatusemi Habari za Mwezi lilikuwa gazeti huru. Lilikuwa la misheni, nalo lilisema ya misheni. Lakini mtambo huohuo wa Magila ndio uliochapa Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi, sehemu ya kwanza 1895 na ya mwisho 1907. Mwislamu ameandika habari za watawala wa Usambara, mapadri wakamchapia. Urithi wa namna hiyo hauwezi kuwa wa parokia peke yake.

Leo kumbukumbu za UMCA zimetunzwa Oxford, Uingereza. Zimetunzwa vizuri, hatulaumu. Ila mwanafunzi wa Muheza anayetaka kujua wazee wake walisoma nini atapata wapi nauli ya Oxford?

Tunataka kukarabati chumba kilicho kando ya ofisi ya parokia. Kuta ni nzima, paa linavuja. Tunahitaji mabati, mbao na saruji, rafu za chuma (za mbao tumezikataa, mchwa wa huku mnawajua), kompyuta moja, mashine ya kuskani, na fedha za kulipia nakala kutoka ng'ambo. Jumla ni shilingi milioni 9. Chumba kitakuwa wazi kwa kila mtu, wa dini yoyote, bila kiingilio.

Asiye na fedha taslimu alete machungwa, kuku, nazi au mbuzi; mnada utafanyika uwanjani mara baada ya misa ya Jumapili. Mlio Tanga, Dar es Salaam na nje ya nchi, wekeni ahadi kupitia jamaa zenu wa hapa. Kila mchango utaandikwa daftarini, na mhazini atatoa stakabadhi hata kwa shilingi mia tano.

Jambo moja zaidi, na hili halina gharama. Fungueni masanduku ya bibi na babu. Mwenye gazeti kuukuu, hata ukurasa uliochanika, asiutupe wala kuufungia maandazi. Atuletee tuupige picha mbele yake, kisha aondoke nao.