Barua ya wazi kwa mwendesha mashtaka wa mji wetu, Virginia

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu. Naandika kwa Kiswahili, na tafsiri nitakuletea, kwa sababu barua hii nataka isomwe pia na wenzetu kabla hawajaitwa mahakamani.

Sheria ya Virginia ya mwaka 2020 inairuhusu mahakama, wewe na mshtakiwa mkikubaliana, kuahirisha hukumu ya kesi ya jinai na kumpa mtu masharti. Akiyatimiza, shtaka linaweza kufutwa. Ni sheria ya huruma, na wapo vijana wetu waliobaki kazini kwa ajili yake.

Lakini sheria ya uhamiaji ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, tangu 1996, haitazami kama kesi ilifutwa. Inatazama mambo mawili tu: je, mtu alikiri, au hata alisema hapingi shtaka, au alitiwa hatiani na hakimu au baraza la mahakama? Na je, hakimu alimpa adhabu au sharti lolote linalobana uhuru wake? Yakiwepo yote mawili, mbele ya uhamiaji huyo ana hatia, hata kama karatasi ya mahakama inasema kesi imekwisha.

Sasa njoo usimame kwenye korido asubuhi ya kesi. Mama aliyetoka Kongo kama mkimbizi anaambiwa na wakili, haraka haraka: "Kubali kosa, kaa mwaka mzima bila matatizo, itafutwa." Mkalimani yuko kwenye simu, sauti inakatika. Mama anaitikia ndiyo, ndiyo, kwa adabu, kama tulivyolelewa kumwitikia mkubwa. Kama ni raia au si raia, hakuna aliyemuuliza. Siku atakapoomba uraia, alama za vidole zitaifufua kesi ile, na anaweza kujikuta anajitetea asifukuzwe nchini.

Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wakili lazima amweleze mteja asiye raia hatari hiyo. Sawa, ila makubaliano yenyewe hayapiti bila ridhaa yako, Mheshimiwa. Na njia ipo. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya shirikisho inayosimamia jimbo letu ilimwangalia mtu aliyekana kosa. Hakimu alikuwa ameona ushahidi unatosha, akaahirisha hukumu na kumweka chini ya uangalizi. Mahakama ikasema hiyo si hatia kwa sheria ya uhamiaji. Kilichomwokoa ni kwamba hakukiri, wala hakimu hakumtia hatiani.

Kwa hiyo naomba: kwa kesi ndogo za mara ya kwanza, usimdai asiye raia akiri ndipo umpe nafasi hii. Masharti apewe kwa Kiswahili, kwa maandishi, siku kadhaa kabla, apate muda wa kumuuliza wakili wa uhamiaji. Na mwandike humo kwamba akimaliza, rekodi nayo ifutwe, maana sheria inawaruhusu kukubaliana hivyo.

Karatasi hiyo niko tayari kuitafsiri bila malipo, wiki hii hii.

Wako kwa heshima,
Mkalimani wa kujitolea